Duara Nililolifuta Usoni mwa Mama Yona

Vijana wa mwaka wa kwanza, mwalimu wenu wa sosholojia alikuja hapa kwangu mtaa wa Kikuyu, mjini Dodoma, kutafuta picha za zamani za Dodoma. Nikamwambia nyingi zimeliwa na mchwa, na zilizobaki zina ukungu. Akasema basi niwaandikie kurasa chache awasomee darasani, juu ya kazi yangu ya kupiga picha na hayo mnayojifunza: utamaduni, utambulisho, na hilo neno refu, ujamiishaji. Nikamuuliza, ujamiishaji ndiyo mdudu gani? Akanieleza kwamba ni vile mtu anavyofundishwa na watu wanaomzunguka kuwa mtu wa namna yao, mpaka anaona hakuna namna nyingine. Ala, nikamwambia, kumbe hicho nakijua. Mimi nilifundishwa mara mbili, kwanza nyumbani kisha shuleni, na nikashika ya shuleni.

Nawaambia mapema, hapa hamtapata ushujaa. Nina umri wa kutosha kuacha kujipamba. Kama mnataka mzee wa kuwapa hotuba ya mafanikio, mwambieni mwalimu awatafutie mwingine, wapo tele.

Nilikuwa na studio Majengo, nyuma ya maduka ya nafaka. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia la bluu, stuli na taa mbili. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza, mahali pa kusafishia filamu na kutolea picha. Nyie mnabonyeza simu na picha iko tayari, hamjui kazi. Dodoma ilikuwa na maadui wawili wa mpiga picha. Wa kwanza ni vumbi. Ukianika filamu mwezi wa saba upepo ukivuma, unakuta bwana harusi ana madoa usoni kama aliyeugua ndui. Dawa yake ni kumwagia sakafu maji kabla ya kuanika, na kumfukuza kila mtu anayefungua mlango. Adui wa pili ni hayo maji yenyewe. Maji ya visima vyetu yana chumvi, ukisuuzia filamu yakikauka yanaacha utando mweupe. Kwa hiyo nilikinga maji ya mvua kwenye pipa, nikayabania mwaka mzima. Mke wangu aliwahi kufulia nepi maji yale. Tulinuniana siku tatu.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Issa, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi, mkali, mwenye swala tano na matusi kumi. Yeye ndiye aliyekuwa na studio kabla yangu. Alinipokea nimetoka shule, najiona msomi, akaniambia, "We Mika, hapa cheti chako kitasaidia kufunikia kikombe cha chai." Miezi mitatu nilifagia tu na kumwaga maji sakafuni. Mwezi wa nne akanipa penseli.

Penseli ndiyo ilikuwa ufundi wenyewe. Kwenye filamu mambo yako kinyume, cheusi kinakuwa cheupe. Kipele cheusi shavuni kinaonekana kama tundu angavu. Unachonga penseli iwe na ncha ndefu kama sindano, unaweka filamu juu ya kioo chenye mwanga, unadonoa kidogo kidogo mpaka lile tundu lilingane na ngozi. Ukitoa picha, kipele hakipo. Watu walidhani ni uchawi. Ukikosea si neno, unachukua pamba, unaichovya kwenye tapentaini kidogo, unapangusa, penseli yote inatoka, filamu inarudi kama ilivyopigwa. Dakika tano tu. Hizo dakika tano mzishike, maana ndizo zilizonitesa.

Mzee Issa alikuwa na amri moja. "Kitu ambacho mwezi ujao hakitakuwepo usoni mwa mtu, kifute. Kipele, mchubuko, jicho lililovimba kwa ugomvi wa jana, futa. Kitu ambacho atakufa nacho, usikiguse. Hicho si chako." Nilimwitikia ndiyo mzee. Alipostaafu akarudi Kondoa na studio ikawa yangu, amri ile niliivunja ndani ya wiki.

Sasa niwaeleze kwa nini, na hapa ndipo ninapoanza kuona haya hata kushika kalamu.

Mimi ni Mgogo. Nimeandika sentensi hiyo leo bila shida, lakini nilipokuwa na studio ilikuwa hainitoki mdomoni. Wateja wote walijua mimi ni mtu wa Tanga. Nilisoma sekondari Tanga, bweni, nikiwa Mgogo peke yangu darasani. Siku ya kwanza bwalo la chakula kijana mmoja alinyoosha kiganja mbele yangu, akalegeza shingo, akaigiza sauti ya ombaomba, maana ndivyo walivyotusema Wagogo. Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka! Hilo ndilo sijawahi kujisamehe, kwamba nilicheka kuliko wote. Waliniita mla mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza, waliniiga ninavyosema Kiswahili, waliniuliza nyumbani tunalala na ng'ombe wangapi. Mwalimu hakuna aliyefundisha hayo. Hayakuwa kwenye ratiba wala kwenye mtihani, na bado niliyafaulu kuliko hesabu. Kufikia kidato cha nne nilikuwa naongea kama niliyezaliwa Muheza, huko huko Tanga, na wenzangu wapya waliokuja kutoka kwetu mimi ndiye niliyekuwa nawanyooshea kiganja.

Basi nikarudi Dodoma na ulimi huo huo. Na bahati yangu, au mkosi wangu, sikuwa na alama.

Wengi wenu hamjaiona alama yenyewe, au mmeiona kwa bibi mkongwe mmoja kanisani. Wazee wetu walikuwa wanachomwa duara katikati ya paji la uso wakiwa wadogo. Wengine walisema ni dawa ya macho, wengine walisema ni ili Mgogo amjue Mgogo mwenzake popote atakapokutana naye. Wakati wetu sisi watu wa kanisa walikuwa wamekwisha kukataza, mimi nikapona. Mama yangu alikuwa nalo, duara zuri, limekaa katikati kabisa. Nilipomchukua aje kuishi nami hapa Kikuyu, nilimpa sharti moja: akitoka kwenda mjini, kitambaa akishushe mpaka juu ya nyusi. Nilimwambia ni kwa sababu ya jua. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, baba. Jua la mjini kali." Akawa anakishusha.

Kwa hiyo wakija studio mama zetu wa Hombolo, wa Bahi, wa Mvumi, wenye duara, nilikuwa nawapiga picha, halafu nikiingia ndani nachonga penseli. Sikuwauliza. Hata mmoja. Nilijiambia ninawasaidia, hawajui vile wanavyochekwa huko nje. Na kweli wengi wakipokea picha walifurahi, wakasema wametokea kama mabinti. Wengine walinyamaza. Sikujali walionyamaza.

Ndipo akaja Mama Yona.

Alitoka kijiji cha Zuzu, mjane, alikuwa akileta karanga sokoni Majengo. Mwanawe wa pekee, Yona, alichukuliwa na mjomba wake akiwa na miaka kumi hivi, wakapanda treni kwenda Mwanza. Mjomba akafa huko, mtoto akapotelea kwenye kazi za samaki, miaka ikapita kumi na tano bila habari. Kisha ikaja barua kanisani Zuzu, Yona yu hai, ana kazi, anauliza kama mama yake bado yupo. Mwinjilisti wao akamwandikia mama jibu, akamshauri atie na picha, ili kijana aamini. Ndiyo ikawa safari yake ya kwanza studio. Alikuja amejipaka mafuta, amevaa gauni la kuazima.

"Mbukwa," akanisalimu.

Hiyo ndiyo salamu yetu. Nikamjibu, "Shikamoo mama, karibu, keti hapo."

"Marahaba. Fundi, hii picha inaenda kwa mwanangu. Hajaniona tangu akiwa hivi." Akapima kwa mkono usawa wa kiuno. "Nitoe vizuri."

"Nitakutoa vizuri, mama, usiwe na wasi."

Haki ya Mungu nilimtoa vizuri. Niliweka taa ya pembeni kidogo ili mashavu yajae. Nilimwambia afikirie siku Yona alipoanza kutembea, uso ukafunguka. Sijui kama nimewahi kupiga uso mzuri kuliko ule. Halafu nikaingia ndani, nikachonga penseli, nikalifuta duara, tena kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ni picha ya kupelekwa mbali. Nilijivuna! Nikamkabidhi ndani ya bahasha, imefungwa tayari kwa posta. Hakuifungua. Macho yake nayo yalikuwa yameanza ukungu wa uzee, hata angeifungua sijui angeona nini.

Yakapita mavuno. Siku moja akarudi mbio mbio na barua mkononi, bado ina gundi yake. Mwinjilisti alikuwa amehamishwa, na kusoma yeye hajui.

"Sikutaka majirani waisikie kabla yangu," akasema. "Picha ni kazi ya mkono wako, basi na jibu la picha lisome wewe. Soma, baba."

Nikaifungua. Ndani ikadondoka ile picha niliyoipiga. Nikaiwahi, nikaitia droo ya meza bila yeye kuona. Barua ilikuwa fupi. Nimeisoma mara nyingi sana maishani, naijua yote. Ilisema hivi: Ndugu zangu wa Zuzu, nawarudishia picha yenu. Huyu si mama. Mama yangu ana duara kwenye paji la uso, nilikuwa nalitia kidole akinibeba, mpaka ananikaripia. Kama mama alikufa niambieni, mimi ni mtu mzima, nitavumilia. Lakini msinipe mama wa kuazima ili nilete vitu. Sitakuja kuonyeshwa mwanamke mwingine.

Mama Yona alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono magotini, ananitazama mdomo. "Anasemaje?"

Jamani, mngefanya nini? Najua mngefanya nini, nyie mna moyo safi bado. Nami ningeweza kusema, mama, nimekosa, nilifuta alama yako, keti nikupangusie filamu ndani ya dakika tano, nitoe nyingine, na barua ya maelezo nitaandika mwenyewe. Maneno hayo yalifika hapa kooni. Lakini angeniuliza kwa nini nilifuta. Na mimi ningemjibu nini, kwamba naona aibu? Aibu ya nini, wewe mtu wa Tanga, na uso wa Mgogo unakuhusu nini?

Nikasoma kwa sauti ambacho hakikuandikwa. "Anasema, mama mpendwa, picha nimeipokea, nimelia kwa furaha. Anasema hujazeeka hata kidogo. Anasema atakuja."

"Lini?"

"Baada ya... baada ya mavuno yajayo."

Alipiga vigelegele mpaka wauza mahindi wa mbele wakaja kuchungulia. Akanishika mikono yote miwili, akanibariki mimi, na mke wangu, na watoto. Nikasema amina. Akaondoka na barua yake, ameifunga kwenye pindo la khanga.

Mngedhani yaliisha hapo. Thubutu! Kila akileta karanga, yaani kila baada ya wiki mbili tatu, alipitia studio. "Nisomee tena, baba." Nami naikunjua, nasoma. Shida ya uongo ni kuukumbuka. Mara ya tatu nikasoma kwamba Yona anawasalimu wote wa Zuzu. Akanikatiza, "Mara ile hakusalimu wote, alimsalimu shangazi yake tu." Nikasema, loo, nimeruka mstari. Mara nyingine nikasahau kulia kwa furaha, akaniambia, "Umeacha pale anapolia. Rudi nyuma." Ikabidi nikae na karatasi droo ya meza, nimeandika humo barua yangu ya uongo neno kwa neno, nikimwona anakuja naikariri kama mtoto wa mtihani. Mbele ya wateja wengine nilikuwa nacheka, nasema bibi huyu ana mapenzi na barua. Ndani nilikuwa nimeoza.

Na yeye anajiandaa! Aliniambia ameezeka upya tembe lake kwa udongo ili Yona asinyeshewe. Ametenga mbuzi, hauzwi. Treni ya kutoka bara ikipita Zuzu anaacha jembe anakwenda kusimama stesheni. "Wakishuka wanaume nawatazama," akasema. "Sijui atakuwa mrefu kiasi gani."

Mavuno yakaja, yakapita. Nilinunua stempu, nikaanza kumwandikia Yona ukweli mara nne. Anwani nilikuwa nayo, filamu nilikuwa nayo, pamba na tapentaini vilikuwa rafuni juu ya kichwa changu. Kila nikifika pale pa kuandika "nililifuta mimi," nachana. Nawaambieni ukweli, si kwamba nilikosa nafasi. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa na nafasi kila siku ya Mungu.

Aliyenikomboa, kama ni kukomboa, ni binti mmoja anayeitwa Damari, mtoto wa kaka yake Mama Yona. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na siku hiyo alimsindikiza shangazi yake kubeba karanga. Wakaingia. Mama Yona akatoa barua, imechakaa, imekuwa laini kama kitambaa. Nikanyoosha mkono.

"Leo acha asome Damari," akasema kwa fahari. "Amefaulu. Nataka fundi umsikie anavyosoma."

Nikasema, mwandiko huo mbaya, mtoto hatauweza. Damari akasema, "Nitaweza, kaka." Akaanza, kidole chini ya kila neno. Ndugu zangu wa Zuzu. Nawarudishia picha yenu. Huyu si mama.

Akamtazama shangazi yake.

"Endelea," Mama Yona akasema.

Akasoma yote. Pale pa kutia kidole kwenye duara sauti yake ikawa ndogo, lakini alisoma mpaka mwisho. Mama Yona alipeleka mkono taratibu kwenye paji la uso wake, akalipapasa duara kwa kidole kimoja.

"Picha iko wapi?" akauliza.

Nikafungua droo, nikampa. Akampa Damari. "Niambie, ninalo?"

"Huna, shangazi. Uso mtupu."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane, wallahi, angenimwagia hata karanga zake usoni. Aliuliza tu, "Inatengenezeka?" Nikasema inatengenezeka. "Kwa muda gani?" Nikamwambia dakika tano, na nilipotamka hilo neno nikaona haya ambayo sijui niiandike vipi. Alirudia peke yake, polepole, "Dakika tano." Halafu akasema, "Basi tengeneza, nikiona."

Nikawaingiza wote wawili chumba cha giza. Nikapangusa filamu kwa pamba mbele yao. Nikatoa picha chini ya taa nyekundu, karatasi ikaelea ndani ya dawa, uso ukaanza kujitokeza, macho kwanza, kisha mdomo, kisha duara. Damari akapiga kelele, "Hilo hapo!" Mama Yona akainama karibu kabisa na sinia, akacheka. Alicheka kwa furaha, jamani, baada ya yote yale. Damari aliandika barua mwenyewe siku ile ile juu ya meza yangu, nami niliipeleka posta kwa miguu yangu.

Yona alifika kabla mwezi haujaisha.

Sasa hili lililobaki sijamwambia mwalimu wenu, wala mke wangu hakulijua. Nimelibeba peke yangu. Mama yangu alikuja kufariki miaka ya baadaye, tumemzika kwao, na sina picha yake hata moja. Mtu aliyepiga picha nusu ya wilaya hana picha ya mama yake, kwa sababu sikutaka kuchagua kati ya kulifuta duara lake na kuliacha. Nawaandikia hili kwa vile nyie ndio mtakaokwenda kuandika kwenye mitihani yenu kwamba utambulisho wa mtu unajengwa na jamii. Sawa, andikeni. Shule ya Tanga ilinijenga, sikatai. Lakini siku hii ninayotaka kuwaambia sasa, hakuna mtu wa Tanga aliyekuwa amenishika mdomo.

Mama Yona alimleta mwanawe studio kupiga picha ya pamoja. Jitu refu, kifua kama mlango, ameshika mkono wa mama yake kama mtoto. Alinisalimu kwa heshima, akanishukuru. Nikababaika. Mama Yona akadakia, "Picha ile ya kwanza iliharibiwa na maji yetu haya ya chumvi, mwanangu. Yakafuta hapa kichwani. Fundi huyu ndiye aliyehangaika mpaka akaitoa nyingine." Akasema bila kunitazama. Alikuwa amekwisha kunifunika, wala sikumwomba.

Nikawaketisha. Nikawa narekebisha taa. Yona, mcheshi, akaniuliza, "Kaka, kwenu ni wapi?"

"Tanga," nikasema.

"Ndiyo maana Kiswahili kitamu. Hawa mama zetu wa Kigogo lazima wakushangaze na haya maduara yao." Akalibusu duara la mama yake, wote wakacheka. "Mama yako wewe hana?"

Mlango ulikuwa wazi. Kawaida chakula changu cha mchana aliniletea mke wangu, lakini siku ile alikuwa na homa. Nilisikia ndara mlangoni, sikugeuka.

"Mama yangu hana," nikasema. "Kwetu hakuna mambo hayo."

Nikageuka kuchukua kifuniko cha lenzi, nikamwona mama yangu. Amesimama kizingitini, mkononi bakuli la ugali wa uwele na mlenda, limefungwa kwa kitambaa cheupe. Kile cha kichwani amekishusha mpaka juu ya nyusi, kama nilivyomwagiza. Alikuwa amesikia. Nilijua kwa vile alivyosimama.

Yona akanyanyuka kwenye stuli. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Akaingia hatua mbili, akaweka bakuli kwenye benchi, polepole, asimwage. Mama Yona akamwangalia usoni, akamwangalia sana, akamsalimu Kigogo. Mama yangu akaitika kwa Kiswahili chake kibovu. Kisha akanigeukia mimi, uso umetulia kabisa.

"Mama yake kanituma nimletee chakula," akawaambia.

Wote wakawa wananitazama. Muda ulikuwepo. Ningeweza kusema neno moja tu, na neno lenyewe ni mama.

"Haya, bibi," nikamwambia. "Mwambie nimepokea."

Akasema atamwambia.